Homa ya Siku Tatu

Kwa miaka mingi nilinunua dawa ya malaria kwa ugonjwa usiokuwa malaria, na ubaya wake ni kwamba dawa ilifanya kazi. Ingekuwa haifanyi kazi tungeshtuka mapema. Binti yangu akipata homa tulimpa vidonge vya siku tatu, siku ya tatu homa inashuka, mtoto anaomba chai, nyumba nzima inasema alhamdulillahi. Mimi nauza vipuri vya magari vilivyotumika, hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu yeyote, hata anayeapa kwamba dinamo anayoniletea ilikuwa ikizunguka jana. Lakini kidonge nilikiamini. Kilifika kazini na kumaliza kwa wakati, na hapa kwetu fundi wa namna hiyo hatumuulizi maswali.

Homa yenyewe ilikuwa hivi. Binti anaamka mzima, anakwenda shule, mchana anarudi ameinama, mikono tumboni, kama mtu anayeficha kitu chini ya nguo. Jioni anawaka. Tumbo linakuwa gumu, hataki shuka limguse, hataki mtu aketi kitandani pake kwa sababu godoro likibonyea anaumia. Safari nyingine ni kifua, upande mmoja, anavuta pumzi vipande vipande. Safari nyingine ni kifundo cha mguu, kinavimba na kuwa chekundu ilhali hakuanguka popote. Kisha yote yanaondoka kama yalivyokuja, na wiki inayofuata unaye msichana anayekula wali wa watu wawili na kubishana nawe juu ya bando la simu.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi nasi. Yeye homa hiyo aliiita mgeni. "Mgeni amefika," anasema, na anatandika mkeka karibu na kitanda cha mtoto, analala hapo mpaka mgeni aage. Jina hilo hakulitunga kwa ajili ya binti yangu. Alilitunga zamani kwa ajili ya baba.

Maana baba naye alikuwa na mgeni wake. Nikiwa mdogo nilijua kwamba kuna siku ambazo baba halii wala hasemi, amelala ubavu, magoti kifuani, na sisi watoto tunapita uani kwa vidole vya miguu. Safari moja walimpeleka hospitali, wakamfungua tumbo wakitafuta kidole tumbo kilichooza. Walikikuta kizima. Wakakitoa hata hivyo, kwa kuwa walishafika. Kabla nyuzi hazijakauka mgeni alikuwa amerudi. Baba alisema, "Wamemfukuza mpangaji asiye na kosa, yule mwenye fujo wamemwachia nyumba."

Alipokuwa mtu mzima hasa, miguu yake ilianza kuvimba. Asubuhi uso wake ulikuwa umejaa, macho madogo. Mkojo wake ulitoa povu kama maji ya kufulia. Figo zake zilikufa, na yeye akazifuata. Tulimzika kama mgonjwa wa figo. Homa za maisha yake yote hatukuzitaja, kwa sababu katika akili zetu yalikuwa magonjwa mawili tofauti: dogo la kila mara na kubwa la mwisho. Nani angeyaweka kwenye meza moja? Na binti yangu, aliyezaliwa baada ya msiba huo, alipoanza kujikunja vilevile, tulichoona ni malaria.

Msomaji wa mbali asitucheke haraka. Hapa malaria ni ya kweli na inaua, na anayengoja kuona kama itaondoka yenyewe ni mjinga. Tulikuwa tunampeleka kupimwa. Wanamchoma kidole, wanatazama tone la damu, na mara nyingi hawaoni kitu. Nesi anasema wadudu wamejificha. Katika mji wetu hilo ni jibu kamili, mtu anachukua mfuko wake anakwenda farmasi. Mimi, ambaye nikinunua katoni ya buji, yaani plagi za injini, nazihesabu mbele ya muuzaji na kuzihesabu tena mbele ya ukuta, sikuwahi kuuliza ni wadudu gani hawa wanaojificha kila safari.

Kilichotufungua macho ni uzembe. Ilikuwa msimu ule magari yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta, na mimi nauza vipuri vya magari yasiyotembea, kwa hiyo nilikuwa na muda. Mke wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira kumwuguza dada yake aliyejifungua. Mgeni akafika. Nikampeleka binti kupimwa, wadudu wakajificha, nikanunua boksi la dawa, nikaliweka juu ya kabati karibu na sukari. Siku ya tatu homa ikashuka. Nikaenda kabatini kuona kama kuna kidonge kilichobaki, maana situpi kitu.

Boksi lilikuwa limejaa. Nikavihesabu vidonge. Nikavihesabu tena, nikianzia upande wa pili.

"Shangazi," nikamwita, "dawa ulikuwa unampa saa ngapi?"

"Dawa gani? Si we ndo ulikuwa unampa?"

"Mi nilidhani ni we."

"Na mi nilidhani ni we. Mwanaume anunue dawa halafu ashindwe kuifungua?"

Binti akasema kutoka kitandani, huku amechovya mkate kwenye chai, "Mimi hakuna mutu aliyenipa kitu. Nilidhani munaninyima ju nilikataa uji."

Nikakaa na lile boksi magotini. Buyenzi tuna mafundi wa aina moja: unamletea gari lililochemka, analiacha kivulini mpaka lipoe, kisha anakuambia amelitengeneza. Unampa chake na unamsifu kwa majirani. Kumbe na kidonge changu kilikuwa fundi wa kivulini. Gari lilikuwa linapoa lenyewe.

Nikampigia mke wangu, nikamsimulia. Lazima nieleze kwamba mke wangu ni binti ya baba yangu mdogo. Akiwa na furaha ananiita baba watoto. Akikasirika ananiita mtoto wa baba mkubwa, ili lawama ipande mpaka kwa wazee.

"Mtoto wa baba mkubwa," akasema, "nimeondoka wiki moja tu."

"Lakini amepona."

"Mpe dawa."

"Ya nini? Homa imeshuka."

"Mpe hata hivyo."

Sikumpa. Kesho yake nilimchukua binti tukatembea polepole mpaka Ngagara, kwa daktari mmoja mwanamke aliyewahi kunitibu sikio. Nilimpenda tangu wakati huo kwa sababu aliniambia sikio halina kitu, lina uchafu, na akanirudisha nyumbani bila dawa. Daktari anayekataa kuuza ni wa kushikwa.

Alimsikiliza binti kwanza, si mimi. Akambonyeza tumbo, akamshika kifundo. Kisha akanigeukia.

"Homa inakaa siku ngapi, baba?"

"Tatu. Mara nyingine hata hazitimii."

"Ukimpa dawa?"

"Tatu."

"Usipompa?"

Nikatoa boksi mfukoni, nikaliweka mezani. "Tatu."

Alilifungua, akaona limejaa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akauliza, "Wazee wenu walitoka wapi?"

Katika mji huu swali hilo halijibiwi kabla ya kujua muulizaji anataka kufika wapi. Nikamwambia, "Unauliza kama docta ao kama jirani?"

"Kama docta. Majirani wanajua tayari."

Nikamwambia tunavyoambiwa sisi: baba wa babu alitoka Yemeni, akakaa Ujiji, kisha akapanda na ziwa mpaka huku. Akatikisa kichwa kukubali. Alisomea Aljeri, akasema, na kule aliona familia chache zenye homa kama hii, na walimu wake walimwambia kwamba wengi zaidi wako mashariki ya bahari ile inayopakana na Aljeri, kwa Waturuki, Waarmenia, Waarabu, Wayahudi. Hapa Bujumbura alikuwa hajawahi kuiona, au labda aliiona akaiita malaria kama wengine.

"Na mama wa mtoto ni nani?"

"Mke wangu."

"Hilo najua. Kabla hajawa mke wako?"

"Binti ya baba mdogo."

"Bon," akasema, kama mtu aliyepata spana inayoingia. "Nani mwingine kwenu alikuwa na homa hii?"

"Baba."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Na nini?"

"Figo."

Akaacha kuandika. Binti alikuwa anatazama feni. Nilitamani asiwe amesikia, lakini mtoto husikia hasa kile usichotaka. Daktari akampa kikombe cha plastiki. "Dada, nenda unipatie mkojo kidogo. Sasa hivi."

Alipotoka, daktari aliniambia mambo bila kuyafunika. Kila homa kama hiyo, ini linamwaga protini fulani kwenye damu. Homa ikipita, nyingi inaondoka. Lakini mtu akiwaka mara kwa mara kwa miaka, ile protini inageuka na kuganda, inaitwa amiloidi, na mahali inapopenda kuganda ni kwenye figo. Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Nimefungua radieta nyingi zilizokuwa zinang'aa nje, ndani zimejaa ukoko mpaka maji hayana pa kupita.

"Kwa hiyo baba hakufa kwa ugonjwa mwingine," nikasema.

"Naamini ulikuwa uleule."

"Na huyu?"

"Ndiyo maana nimeomba mkojo."

Pale labo ni dirisha dogo lenye wavu. Kijana wa labo alichovya kijiti chenye vipande vya rangi, akakiweka kwenye karatasi, akangoja. Niliona kipande kimoja kinakuwa kijani kabla hajafungua mdomo. Nikatazama rangi za mfano zilizochorwa kwenye chupa, nikatazama kijiti, nikatazama chupa tena. Protini ilikuwepo. Kidogo, lakini ilikuwepo.

Sikumbuki vizuri tulivyorudi chumbani. Nakumbuka binti aliniuliza, "Baba, ni ile ya babu?" na mimi nikamjibu kwamba docta atasema, jibu la mtu mwoga.

Daktari alitazama matokeo, akanitazama mimi. "Usinune hivyo. Mutu akitoka kwenye homa, figo linaweza kuvujisha kidogo, halafu linaacha. Mkojo wa wiki ya homa hautoshi kumhukumu mutu. Tutapima tena akiwa amepoa kabisa."

"Mara ya pili."

"Mara ya pili. Na ya tatu kama inahitajika."

Sijawahi kumsikia mtu aliyesoma akiongea kwa lugha yangu vizuri namna ile.

Kisha akatueleza ugonjwa, sisi wote wawili, na binti akauliza maswali mazuri kuliko yangu. Katika chembe nyeupe za damu kuna protini inayoitwa pirini, jina lililotokana na neno la Kigiriki la moto. Inatengenezwa kwa maelekezo ya jeni moja. Kazi ya pirini ni ulinzi. Inakaa ndani ya chembe, ikihisi bakteria wanachezea mambo humo inapiga kengele, mwili unawaka, jeshi linafika. Adui akishindwa, kengele inazimwa.

"Mumewahi kupita Kinindo?" akauliza. "Zile villa zina walinzi. Mlinzi mzuri anapiga filimbi akiona mwizi. Sasa chukua mlinzi ambaye anapiga filimbi akiona mjusi. Akiona jani. Polisi wanakuja na magari, wanavunja geti, wanakanyaga maua, hawapati mwizi, wanarudi. Siku ya tatu kimya. Halafu jani lingine linaanguka."

"Na mwizi hakuwepo," binti akasema.

"Hakuwepo hata siku moja. Tumbo lako halikuwa na kitu. Waliokuumiza ni polisi wako mwenyewe."

Binti akasema, "Na sisi tulikuwa tunawapa sumu ya mbu." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Kuhusu jeni akasema kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja ikiwa na kosa, mara nyingi mtu anaishi bila kujua. Zikiwa na kosa zote mbili, mlinzi hana wa kumtuliza. Angechukua damu yetu watatu, mke wangu akirudi, itumwe Ulaya kupitia labo moja ya mjini, kwa kuwa hapa kipimo hicho hakuna. Lakini hakutaka kungoja majibu. Kulikuwa na dawa ya zamani sana, kolshisini, inayotokana na ua, na kama ugonjwa ni huu, dawa yenyewe itasema kabla ya Ulaya.

"Atakunywa kila siku."

"Mpaka lini?"

"Maisha yote."

Mimi bei ya kwanza sijawahi kuikubali, hata ya kuzaliwa ningeijadili kama ningeulizwa. "Docta, maisha yote ni mengi. Tuseme mpaka aolewe."

"Kwani akiolewa jeni inabaki kwenu?"

"Basi miaka mitano, halafu tuangalie."

"Baba, hapa si soko."

"Na siku mojamoja akisahau?"

"Mgeni wenu atakumbuka." Shangazi hayupo, na mwanamke wa Ngagara analitumia neno lake, binti ndiye aliyemwambia. Akaongeza, uso umebadilika, "Na musimuzidishie. Dawa hii ikizidi inaua. Kama hamukumbuki amekunywa ao bado, aache mpaka kesho. Umenisikia, we mwenye kuhesabu?"

Nilisikia. Nikaacha kujadili bei, jambo ambalo mke wangu hadi leo haliamini.

Farmasi walinitazama vibaya kidogo. Kolshisini wanaijua kama dawa ya guti, ya wazee wenye pesa wanaokula nyama na bia huko Kiriri na kuamka kidole gumba cha mguu kinawaka.

"Guti ni yako?" muuzaji akaniuliza.

"Ya binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Yuko sekondari."

"Anakula nyama kiasi gani huyo mutoto?"

Wiki za kwanza dawa ilimwendesha tumbo, na choo kikawa chake. Mke wangu alirudi kutoka Uvira akakuta binti anakimbilia uani, mume anasimulia walinzi wa Kinindo, na shangazi amenuna. Alikuwa na kila sababu ya kuniita mtoto wa baba mkubwa, na aliitumia.

Shangazi alikuwa na hoja yake. "Ukoo wetu hauna ugonjwa," alisema. "Una homa."

"Shangazi, homa si ugonjwa?"

"Homa ni homa. Ugonjwa ni kitu watu wanakiulizia kabla ya kuposa."

Hapo ndipo ilipokuwa inamuuma, na sikumcheka. Yeye ndiye aliyetuunganisha mimi na mke wangu. Alizunguka nyumba mbili za kaka zake na kahawa mkononi mpaka wakakubaliana. Sasa mtu wa Ngagara anakuja kusema kwamba ndoa ile ilikuwa na upande wa pili.

Muda wa kungoja kipimo cha pili ulikuwa mrefu. Nilikuwa nakwenda dukani, nauza amortisa, yaani shokapu, na macho yangu yanaangalia miguu ya watu. Nikirudi naangalia ya binti. Asubuhi naangalia uso wake kama umejaa. Alichoka. "Baba," akaniambia siku moja, "ukinitazama hivyo tena nitavimba kwa hasira." Mke wangu yeye alikuwa haangalii kabisa, alikuwa anapika. Katika siku zile tulikula vizuri kuliko kipindi chochote cha ndoa yetu.

Siku ilipofika tulikwenda wote watatu, na shangazi akabaki kwenye msala akiomba dua. Dirisha lilelile, kijana yuleyule. Binti alipeleka kikombe mwenyewe, akasimama mbele yangu ili nisione kijiti. Nikasogea kushoto, naye akasogea kushoto. Mke wangu alikuwa ameshika kona ya mtandio wake kwa meno.

Kijana akangoja, akainua kijiti kwenye mwanga. "Hakuna kitu," akasema.

"Protini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Mzee, nikisema hakuna ni hakuna. Hata kidogo ingekuwa kitu."

Daktari hakuridhika na kijiti, akatuma kipimo kingine kinachoona hata kile ambacho kijiti hakioni, na hicho nacho kikarudi kizuri. Figo zilikuwa nzima. Ukoko haukuwa umeanza. Nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza, nikasoma karatasi ya majibu, kisha nikaisoma tena nikianzia chini. Mke wangu alikuja akasimama karibu nami. "Baba watoto," akasema.

Majibu ya Ulaya yalikuja baadaye sana, wakati hatuyaogopi tena. Daktari alitusomea: binti ana nakala mbili zenye kosa, mimi ninayo moja, mke wangu moja. Baba yangu, kwa hesabu yake, alikuwa nazo mbili. Hakuwa na nakala nzima ya kunipa.

"Kwa hiyo nusu ni yangu," mke wangu akasema.

"Nusu kwa nusu," nikamjibu.

"Basi leo siwezi kukuita jina lolote."

Daktari akatuambia pia kwamba wako wataalamu wanaodhani kosa hilo halikuenea bure. Huenda zamani, tauni ilipokuwa inapita mijini na kufagia watu, wale wenye mlinzi mwenye wasiwasi walipona zaidi. Sijui kama ni kweli, naye hakusema ana hakika. Lakini lilinituliza. Miaka yote nilidhani baba alipewa bidhaa mbovu. Kumbe labda ilikuwa nzuri, ila ilitengenezwa kwa barabara nyingine.

Na mgeni? Alichungulia safari moja, tumbo likauma tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaondoka bila kukaa. Binti alikuwa amesahau dawa siku mbili, akakiri mwenyewe. Tangu hapo hajarudi. Nyumba ilichukua muda kuamini. Miezi ikipita, shangazi alikuwa bado anautoa mkeka wake nje kuupiga vumbi, kisha anaurudisha, hana pa kuutandika.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kisha Alhamisi moja, nikiwa natafuta kipete cha pampu ya maji ya gari la mteja, shangazi aliingia dukani. Yeye dukani kwangu haji, anasema panamchafulia buibui. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akakiweka kaunta katikati ya plaketi za breki, akatazama pembeni.

"Nimeleta," akasema. "Usiseme kitu."

Nikafungua fundo. Ilikuwa chupa ya kioo yenye mfuniko, ndani yake mkojo. Nikafunga fundo tena, nikatafuta funguo za duka. Mteja wangu naye, mtu mwenye adabu, aligeuka akaanza kusoma bei ukutani, ingawa ukutani hakuna bei.

Njiani kwenda Ngagara aliniambia yale ambayo hakuwahi kuyatamka. Alikuwa na mgeni naye, ujanani, kabla hajaolewa, akaficha. Baadaye homa zilikoma zenyewe. Lakini kaka yake alimfia mikononi, na tangu aliposikia neno figo pale nyumbani alikuwa kila asubuhi anaangalia povu.

"Kwa nini hukusema, shangazi?"

"Nani angeniuliza? Mlikuwa munahesabu vidonge."

Dirishani, kijana wa labo alifungua chupa, akaifunga haraka. "Mama, hii chupa ilikuwa ya nini?"

"Achari ya embe. Nimeiosha."

"Mimi siwezi kupima achari."

"Nimekuambia nimeiosha."

"Mama, iko na pilipili mpaka machoni. Chukua kikombe hiki, choo ni kule."

Alikwenda, akakaa sana, akarudi na kikombe amekifunika kwa kiganja kama anazuia siri yake isimwagike. Tukakaa kwenye benchi. Alikuwa anasoma dua kwa midomo, miguu haigusi chini, maana ni mfupi. Nikamshika mkono, akauacha ushikwe. Ulikuwa baridi.

"Mama," kijana akaita, "hakuna kitu. Safi."

Daktari alitaka kile kipimo kingine kwake pia, na hicho pia kikawa safi, lakini shangazi hakukingoja. Alisimama palepale, akarekebisha buibui, rangi imemrudi usoni, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia?" akasema. "Ukoo wetu hauna kitu."

"Ulisema, shangazi."

"Wewe mbishi. Umenileta mpaka huku na jua lote hili."

Nikamkubalia kwamba nilimleta. Tukashika njia ya Buyenzi, yeye mbele, akitembea haraka kuliko tulivyokuja.